Uzio Kwanza, Mbuzi Baadaye

Nasema hivi, na mwenye kukasirika akasirike: mradi unaompa mkimbizi mbuzi kabla ya uzio haujampa mali. Umempa kesi. Kesi hiyo itafika kwa mwenyekiti wa LC1 kabla mbuzi hajazaa, na mara nyingi itaisha mbuzi akiwa kwenye sufuria ya mtu mwingine.

Najua jarida hili linasomwa na pande zote mbili, sisi tunaopanga foleni na nyinyi mnaoshika orodha. Leo naongea zaidi na wenye orodha. Lakini na sisi tutafikiwa, subirini.

Mimi ni mtu wa vijana. Kazi yangu ni kukaa na vijana wa Tororo na Busia, wakimbizi kwa wenyeji, wavulana kwa wasichana, tutafute kitu cha kufanya ambacho si kuvusha magendo kwenye njia za panya. Nilivuka mpaka huu nikiwa na miaka sita, mwanzoni mwa 2008, wakati wa zile vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya. Watu wapatao 12,000 walikimbilia Uganda kipindi kile kupitia Busia na Malaba. Tulilala shuleni, halafu tukapelekwa Mulanda, kambi ya muda hapa wilaya ya Tororo. Baadaye mwaka huo huo wenzetu wengi walipelekwa Kiryandongo. Wazazi wangu walikataa kupanda basi, wakakodi shamba. Nimesoma mpaka Senior Four. Mambo ya uzio nimeyasomea kwenye matope.

Sasa angalia. Familia imekodi nusu eka. Upande huu ni muhogo wa mwenyeji, upande ule ni mtama, nyuma ni njia ya kwenda kisimani. Mnaleta mbuzi watatu na kamba tatu. Kamba ndiyo imeandikwa kwenye karatasi "vifaa vya ufugaji". Haya, nani atashika kamba? Mama yuko kibaruani anapalilia shamba la watu. Baba yuko Busia anasukuma mkokoteni au anaendesha boda. Anabaki mtoto. Na mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi si kwamba unamwacha hapo mpaka jioni. Kufikia saa nne asubuhi ameshamaliza duara lake, anataka kuhamishwa. Saa saba tena. Ikinyesha ahamishwe aingie ndani, kwa maana mbuzi na mvua hawapatani. Mtoto gani atafanya hayo na bado akae darasani?

Kuna kijana kwenye kikundi changu, simtaji jina, aliacha shule akiwa P6 kwa sababu ya mbuzi wa msaada. Ripoti ya mradi iliandika kwamba familia yao imewezeshwa. Daftari la shule liliandika kwamba ametoroka. Saa hii ana miaka kumi na saba na anajifunza kusoma upya na wadogo zake.

Hiyo ni hasara ya kimya. Ya kelele nayo ipo. Mwaka jana mbuzi jike mwenye mimba alikata kamba usiku, akala mistari miwili ya muhogo. Asubuhi alikutwa amekatwa panga mguu wa nyuma. Mbuzi ni wa watu wetu, muhogo ni wa mama mwenyeji. Kufikia saa tano vijana walishasimama pande mbili, wengine na fimbo, na maneno yalishaacha kuwa ya muhogo. "Mmekuja kutumalizia chakula." "Hata sisi kwetu tulikuwa na mashamba." Mimi na mwenyekiti tulisimama katikati mpaka saa tisa mchana. Yule mama alilima kwa jasho lake, ulitaka anyamaze? Na mbuzi ni mbuzi, utamfunga jela? Shirika lililoleta mbuzi halikuwepo. Gari lao lilikuja wiki mbili baadaye kuhesabu wanyama waliobaki.

Nikisema uzio, watu wa ofisi wanakimbilia seng'enge. Hebu tupige hesabu pamoja. Nusu eka ya mita 40 kwa 50 ina mzunguko wa mita 180. Nguzo kila mita tatu ni nguzo 60. Mistari minne ya waya ni mita 720, bado misumari. Ukinunua nguzo za mkaratusi ambazo hazikutiwa dawa, mchwa wa huku wanazila chini kwa chini, unaziona zimesimama vizuri mpaka siku unaegemea. Na baada ya gharama yote hiyo, mbuzi mdogo anapita katikati ya mistari minne bila hata kuinama.

Halafu sisi na seng'enge tuna historia. Joseph Glidden wa Illinois alipewa hataza ya waya wake wa miiba mwaka 1874, kwa ajili ya ng'ombe. Haikuchukua muda, watu wakagundua kwamba unazuia binadamu pia. Kenya miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, vijiji vizima vilizungushiwa. Na wengi wetu hapa, seng'enge ya kwanza tuliyoizoea ni ya kituo cha polisi au ya ghala la chakula, tukiwa tumesimama upande wa nje. Sisemi isitumike. Sisi wenyewe tumeitumia. Nasema isiwe ndiyo uzio mzima.

Uzio ninaoutetea ni wa kupanda, wenye waya kidogo. Na unajengwa wakati wa baridi, wakati ambapo hakuna anayetaka kutoka nje.

Wenzetu wa Kakuma mtacheka nikisema Tororo kuna baridi. Waliopelekwa Canada watacheka zaidi. Lakini njoo Julai, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umekaa kwenye Jabali la Tororo, upepo unashuka kutoka Mlima Elgon, nyasi zimelowa mpaka magotini, halafu ushike mtaimbo wa chuma kwa mikono mitupu. Tutaongea. Julai iliyopita vijana tisa tulianza uzio wa nusu eka nje kidogo ya mji, tukaumaliza Agosti mvua iliporudi. Tulichagua miezi hiyo makusudi. Udongo ukiwa na unyevu, shimo la futi mbili na nusu unalichimba haraka. Januari shimo hilo hilo linakutoa malengelenge na mtaimbo unaruka kama umepiga lami. Kubwa zaidi, kitu ulichokipanda kwenye baridi na mvua kinapata muda wa kutoa mizizi kabla ya jua la Desemba.

Pembeni tuliweka nguzo za ule mti Wasamia wanauita lusiola na Wajaluo siala. Mchwa hawaupendi. Kila nguzo ya pembe tukaipa mwegamo wa mti wa kulala upande wa ndani, kwa sababu pembe ndiyo inayobeba uzio wote. Ikiyumba, mistari yote inalegea. Katikati hatukutumia miti mikavu. Tulikata magogo mabichi ya mutuba, unene wa mkono wa mtu mzima, tukayashindilia ardhini siku hiyo hiyo. Mutuba ukipata unyevu unatoa mizizi na majani, na baada ya muda nguzo yako inakuwa mti. Kati ya nguzo tukapanda mnyaa, safu mbili zilizopishana, karibu karibu. Mbuzi hawaugusi. Ila tahadhari, utomvu wa mnyaa ukiingia machoni ni balaa, mtu anaweza kuumia vibaya. Tulivaa miwani ya plastiki, na hakuna aliyeshika chakula kabla ya kunawa kwa sabuni. Upande wa njia tukapanda kayaba. Kayaba inachelewa, lakini miiba yake haina mzaha, na matunda yake watoto wanakula.

Waya tuliweka mistari miwili tu, ya kushikilia mpaka mimea ikue. Fundi aliyetuongoza, mzee mmoja Mteso, alitukataza kuuvuta asubuhi. Chuma kikiwa baridi kimejikaza, ukikivuta wakati huo kitalegea kidogo jua likitoka, na mita hamsini za kulegea kidogo ni kulegea kwingi. Kwa hiyo asubuhi ilikuwa ya kuchimba na kupanda, waya saa saba au saa nane, jua likiwepo. Chini tulijaza matawi makavu ya miiba. Hayo ni ya mwaka wa kwanza na wa pili. Baada ya hapo mnyaa unafunga wenyewe.

Neno moja kuhusu mvuti, maana najua kuna atakayesema ukue wenyewe, una miiba na ni wa bure. Usiuache. Ng'ombe akiula unamdhuru, na vichaka vyake ni nyumba ya mbung'o. Majirani zetu wa Busoga walilipia hilo mwishoni mwa miaka ya 1970, mashamba yalipotelekezwa yakafunikwa na mvuti, na malale yakaua watu. Tororo si mahali pa kusahau malale. Hapa ndipo zilipokuwa ofisi za EATRO, taasisi ya Afrika Mashariki ya kutafiti ugonjwa huo, na mpaka leo ng'ombe wa huku ndio wanaobeba vimelea bila kuonyesha. Uzio wako ukiwa kichaka cha mvuti umemfuga mbung'o.

Uzio mzuri unafanya kazi nyingine tena. Ng'ombe wanapochungwa kwenye uwanja wa wote, kupe wa huyu anahamia kwa yule, na ndigana kali inamaliza ndama wa kijiji kizima. Mnyama aliye ndani ya uzio anakutana na kupe wachache, na ukimpaka dawa hatoki hapo kwenda kubeba wengine. Maofisa wa mifugo wanajua haya kuliko mimi. Ndiyo maana nashangaa.

Nikiwauliza kwa nini hawaanzi na uzio, wananipa majibu matatu.

La kwanza, kalenda. Pesa inafika, mwaka wa mradi ni miezi kumi na miwili, lazima vitu vigawiwe na vihesabiwe. Mbuzi anagawiwa siku moja na anapigwa picha na mama amemshika shingo. Kipandikizi cha mnyaa cha futi moja nani atakipiga picha? Basi ikitokea wamejenga uzio, wanajenga kiangazi, barabara zikiwa nzuri kwa magari, na vipandikizi vyote vinakauka kabla ya Machi. Nimeona hivyo. Na vijana wanaofanya kazi hiyo kwa malipo ya siku, mradi mmoja niliopitia ulikuwa na sheria kwamba mvua ikinyesha kabla ya saa nne, siku hiyo haihesabiwi. Yaani mtu ameamka saa kumi na moja, amelowa, anatetemeka, anarudi nyumbani bila hata ya uji. Halafu mnauliza kwa nini vijana hawapendi kazi. Ikiwa msimu wa kupanda ni msimu wa mvua, siku ya mvua ni siku ya kazi, ilipwe. Na uji wa moto uandikwe kwenye bajeti, si mchezo.

La pili ni ufugaji wa ndani, zero grazing. Ati nusu eka haitoshi kuchunga, mnyama akae bandani aletewe majani. Kwa nyasi ni kweli, nusu eka haitoshi ng'ombe, na mimi sijasema itoshe. Lakini nani analeta hayo majani? Nendeni jioni mkaone ni wasichana wangapi wanarudi na mizigo ya matete kichwani. Na matete yenyewe huku yaliingiliwa na ule ugonjwa wa kudumaa, yanageuka manjano na kufa, Busia na Bungoma wanaujua, na hata hapa Tororo. Kinachobaki ni kuiba majani kwenye mpaka wa jirani, na tumerudi kwa mwenyekiti. Mwenye banda pia anahitaji uzio, angalau wa kulinda majani aliyoyapanda.

La tatu hawalisemi kwa sauti. Wanasema wakimbizi ni wa muda. Mtu wa muda humpi kitu cha miaka mitatu.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Uganda ina Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010, na zinasema mkimbizi aliye kwenye makazi ana haki ya kutumia ardhi kwa kulima na kuchunga, ila hawezi kuiuza wala kuikodisha. Kuchunga kumeandikwa mle ndani, sijakitunga mimi. Sasa utachunga vipi mahali ambapo huruhusiwi kuweka kitu cha kumzuia mnyama? Ukiuliza unaambiwa panda mboga, panda maharagwe, vitu vya miezi mitatu. Watu wamekaa Nakivale tangu kabla sijazaliwa na bado wanapewa mbegu za miezi mitatu.

Kwa sisi tuliokodi nje ya makazi, kizuizi ni kingine, nacho nakielewa. Mwenye shamba anaogopa mti. Kwa watu wengi wa huku mti wa kudumu ni ushahidi. Aliyepanda mti kwenye mpaka anaweza kesho kusema mpaka ni wake, na kesi za ardhi hapa zimegawanya ndugu wa tumbo moja, sembuse wageni. Nilipomwendea mwenye shamba letu, mzee wa Kijopadhola, nikamwambia nataka kupanda mnyaa na mutuba, hakunijibu haraka.

"Mwanangu," akasema, "muhogo wako nimekubali. Muhogo unang'oka. Mutuba utang'olewa na nani?"

"Mzee wangu, hautang'olewa. Utabaki kwako."

"Baba yako akifa je? Wewe ukija na watoto wako?"

Ni swali la haki, halijibiwi kwa tabasamu. Tulikaa vikao vitatu. Mwishowe tuliandika karatasi moja, kwa Kiswahili na kwa Dhopadhola, kwamba ardhi ni ya mzee na vizazi vyake, mimea ya uzio inapandwa na mpangaji, mpangaji anaitumia muda wote anaolipa, na akiondoka uzio unabaki kwa mwenye ardhi bila fidia. Yeye kwa upande wake haongezi kodi kwa miaka mitatu. Yeye akatia kidole gumba, baba yangu saini, mashahidi wanne, mhuri wa LC1. Kilometa mbili kutoka hapo kuna wakimbizi wengine wameshafuata karatasi hiyo hiyo. Gharama yake ilikuwa soda na nauli ya mashahidi.

Ndiyo maana siwaelewi wenye orodha. Mna wanasheria. Mna mihuri mikubwa kuliko ya LC1. Mngeweza kukaa na wenye ardhi na watu wa serikali, mkatoa karatasi kama hii kwa kijiji kizima, kabla lori la mbuzi halijawashwa. Badala yake mnaleta mbuzi, halafu mnaleta semina ya kuishi kwa amani na wenyeji. Ile semina na chakula chake cha mchana, pesa hiyo ingenunua nguzo.

Na sisi sasa. Kuna maneno tunayasema jioni yananikera kuliko semina. "Nipande mti hapa wa nini, mimi naenda Amerika." "Uchaguzi ukipita tunarudi." Baba yangu aliyasema hayo Mulanda akiwa na mifuko miwili ya nguo. Hajarudi, na sikumwona mtu mwenye akili timamu aliyeweza kumwambia arudi lini. Sina ubaya na anayengoja ndege. Lakini mbuzi wako hangoji, yuko kwenye muhogo wa watu sasa hivi. Na kuna wengine wetu, nasema wazi, tukipewa waya tunauza Busia wiki hiyo hiyo, tena kwa bei ya kutupa. Ukiuza waya usije kwangu kulia mbuzi akikatwa. Mnyaa hauuziki, hiyo ni faida yake nyingine.

Wazee wa kamati za vijiji nanyi, mkiitwa kwenye mkutano wa kuchagua mradi msikubali kuulizwa mbuzi au kuku. Jibuni uzio. Waambieni mwaka wa kwanza nguzo, mimea, karatasi za ardhi na malipo ya vijana, siku za mvua zikiwemo. Mwaka wa pili walete wanyama, wachache, kwa nyumba ambazo uzio wake umeshika. Wakisema mfadhili hatakubali, waombeni jina la mfadhili tumwandikie wenyewe. Wapo vijana hapa wanaandika vizuri.

Uzio wetu, kwa anayetaka kuuona, kati ya magogo 48 ya mutuba 41 yana majani. Saba yalikufa, tutayarudishia mvua za Agosti. Mnyaa umefika kiunoni. Mbuzi wawili walioko ndani ni wa kununua, si wa mradi, na yule kijana niliyemtaja wa P6 ndiye aliyepiga misumari upande wote wa mashariki. Wakati wa kupogoa tutakuwa na vipandikizi vya kutosha kuwapa watu. Atakayetaka aje na panga lake, gunia lililoloweshwa na kitu cha kufunika macho, na aje mapema, saa kumi na mbili asubuhi, baridi ikiwepo.